Ikoni za Eneokazi: Kuzijua, Kuzipanga na Kuzirudisha Zikipotea

Mtu mmoja anafuta ikoni ya programu asiyoitumia na kufurahi kwamba amepata nafasi kwenye diski, kumbe programu bado ipo nzima na nafasi ni ileile. Mwingine anafuta folda ya picha iliyokuwa kwenye eneokazi akiamini kwamba nakala kuu imehifadhiwa mahali fulani ndani ya kompyuta, kumbe hiyo aliyoifuta ndiyo ilikuwa folda yenyewe. Wote wawili wamebonyeza kitufe kilekile. Kilichowatofautisha ni aina ya ikoni waliyoigusa.

Kwa hiyo tutaanza kwa kuzitambua ikoni, kisha ndipo tuzipange. Maelezo mengi hapa yanahusu Windows 10 na Windows 11. Mac na Linux zina sehemu yao mbele. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza, ili uyaone kwenye skrini kama yalivyo hapa.

Eneokazi ni folda

Ile picha pana unayoiona baada ya kuwasha kompyuta, yenye ikoni juu yake, kwa upande wa mfumo ni folda kama folda nyingine yoyote. Kwenye Windows kwa kawaida iko hapa: C:\Users\jina lako\Desktop. Ukiweka faili kwenye eneokazi, umeliweka ndani ya folda hiyo, na linakula nafasi ya diski C sawasawa na lingekuwa kwenye Documents. Diski C ikifutwa ili Windows iwekwe upya, kila kitu kilichokuwa kwenye eneokazi kinaondoka nayo.

Kuna mambo mawili yanayowachanganya watu hapa. La kwanza ni OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Ukiiruhusu ihifadhi nakala za folda zako, eneokazi linahamia C:\Users\jina lako\OneDrive\Desktop, na ukienda kutafuta kwenye njia ya zamani unaweza kukuta folda tupu. La pili ni kwamba kuna eneokazi jingine la watumiaji wote wa kompyuta hiyo, C:\Users\Public\Desktop. Programu nyingi zikisakinishwa huweka ikoni zao huko. Ndiyo sababu baadhi ya ikoni zinaonekana kwa kila anayeingia kwenye mashine, na ukitaka kuzifuta unaombwa ruhusa ya msimamizi.

Fanya hivi mara moja, utajifunza mengi kuhusu eneokazi lako:

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E ili kufungua File Explorer.
2. Upande wa kushoto bofya Desktop.
3. Kwenye View chagua Details.
4. Angalia safu ya Type. Utaona nani ni Shortcut, nani ni File folder, nani ni hati au picha.
5. Bofya kichwa cha safu ya Size ili mafaili makubwa yaje juu.

Kwenye orodha hiyo utakuta video zilizosahaulika na mafaili ya kusakinishia programu ambazo tayari zimeshasakinishwa. Hayo ya usakinishaji mara nyingi ndiyo ya kwanza kuondoka.

Aina tatu

Ya kwanza ni *njia ya mkato*. Inatambulika kwa kishale kidogo kwenye pembe ya chini kushoto ya ikoni. Ndani yake hakuna programu wala hati. Kuna anwani tu ya mahali kitu kilipo, na ukubwa wake kwa kawaida ni kilobaiti chache. Ichukulie kama kibao cha barabarani kinachoelekeza nyumba ya mtu: ukiking'oa kibao, nyumba haibomoki, na nyumba ikihama, kibao kinaendelea kuelekeza mahali pasipo na mtu. Jina la faili la njia ya mkato huishia na .lnk, ingawa Windows huzificha herufi hizo hata ukiiagiza ionyeshe za mafaili mengine.

Ya pili ni *faili au folda halisi*. Haina kishale. Ukiifuta, umefuta kitu chenyewe.

Ya tatu ni *ikoni za mfumo*: This PC, Recycle Bin, Network, Control Panel na folda yenye jina lako la mtumiaji. Hizi si mafaili ya kawaida, na zinawashwa na kuzimwa kwenye mipangilio.

Mkanganyiko kati ya aina hizi una historia yake. Kompyuta ya Xerox Star ilipotoka mwaka 1981, ikiwa miongoni mwa za kwanza kuuzwa zikiwa na eneokazi lenye ikoni, wazo lilikuwa kuiga meza ya ofisi, na ikoni ya hati ilisimama badala ya hati yenyewe. Baadaye Apple ikaleta njia zake za mkato, zinazoitwa alias, kwenye mfumo wa System 7 mwaka 1991, na Windows 95 ikaleta njia za mkato kwenye eneokazi mwaka 1995. Tangu hapo vitu viwili tofauti kabisa vinakaa bega kwa bega kwenye skrini moja, na kinachovitenganisha ni kishale kidogo ambacho jicho linakizoea upesi hadi likaacha kukiona.

Ukiwa na shaka yoyote, bofya ikoni kulia (yaani kwa kitufe cha kulia cha kipanya) kisha chagua Properties, au iteue tu na ubonyeze Alt pamoja na Enter. Njia ya mkato itakuwa na kichupo kiitwacho Shortcut, na ndani yake mstari wa Target unaokuonyesha inaelekeza wapi. Kitufe cha Open File Location kitakupeleka moja kwa moja mpaka kwenye kitu chenyewe. Ni sekunde chache tu, na zinaweza kukuokolea kazi ya miezi.

Kufuta

Njia ya mkato usiyoihitaji, iteue na ubonyeze Delete. Hakuna cha kuogopa.

Ukitaka kuiondoa programu yenyewe, nenda Settings, kisha Apps, kisha Installed apps kwenye Windows 11 au Apps & features kwenye Windows 10. Itafute kwa jina, chagua Uninstall. Usiende kwenye folda ya Program Files ukafuta kwa mkono. Utaacha vipande vya programu vilivyotawanyika kwenye mfumo, na safari ijayo huenda hata kuisakinisha upya kukakusumbua.

Faili au folda halisi ukiibonyezea Delete inaenda Recycle Bin. Ukijuta papo hapo, Ctrl pamoja na Z hurudisha. Ukijuta kesho, fungua Recycle Bin, bofya faili kulia, chagua Restore, nalo litarudi palepale lilipotoka. Shift pamoja na Delete ni kitu kingine kabisa: huruka Recycle Bin na kufuta moja kwa moja. Vivyo hivyo, faili unalolifuta kutoka kwenye flashi kwa kawaida halipitii Recycle Bin. Mazoea ya kubonyeza Shift na Delete ili "kuokoa muda" nakushauri uyaache kabisa.

Kuliokoa eneokazi lililojaa

Dawa inayopendekezwa sana ni kutengeneza folda moja, kuiita "Za kupanga", na kutupia kila kitu humo. Siipendekezi. Skrini inakuwa safi kwa siku moja, halafu folda hiyo inakuwa eneokazi la pili ambalo halipangwi kamwe, na baada ya muda inazaliwa "Za kupanga 2". Hatua hizi zinachukua muda zaidi kidogo lakini zinamaliza kazi:

1. Bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi, chagua Sort by, kisha Item type. Vitu vya aina moja vitakaa pamoja.
2. Anza na njia za mkato. Futa zote usizozitumia kila wiki. Programu zake bado utazipata kwenye menyu ya Start.
3. Ondoa mafaili ya usakinishaji, yaani yale yanayoishia na .exe au .msi uliyoyapakua na kumaliza kuyatumia. Hakikisha tu kwamba kila faili halina kishale na kwamba programu yake imeshasakinishwa.
4. Hati, picha na video zihamishe kwenye Documents, Pictures na Videos. Kwa kila kazi inayoendelea tengeneza folda yenye jina linaloeleweka.
5. Kilichobaki, ambacho hujui ni nini, kifungue. Usikifute kwa kukisia.

Katika hatua ya nne kuna jambo la kulielewa vizuri. Ukiburuta faili kwenda folda nyingine iliyo kwenye diski hiyohiyo, Windows *inalihamisha*. Ukiliburuta kwenda diski nyingine au flashi, *inalinakili*, na la kwanza linabaki. Watu wengi wamebaki na nakala mbili za hati moja kwa sababu hiyo, wakarekebisha moja na kutuma nyingine. Shika Shift wakati wa kuburuta ukitaka kuhamisha kwa lazima, Ctrl ukitaka kunakili, na Alt ukitaka njia ya mkato. Kwa anayeanza, njia ninayoiona bora ni kuburuta kwa kitufe cha *kulia* cha kipanya: ukiachia, Windows inakuuliza kama unataka kunakili, kuhamisha au kutengeneza njia ya mkato. Huna haja ya kukariri chochote.

Hati unayoifungua kila siku haina ulazima wa kukaa kwenye eneokazi ili iwe karibu. Iweke kwenye folda yake, kisha itengenezee njia ya mkato: bofya kulia, kwenye Windows 11 chagua kwanza Show more options, nenda Send to, halafu Desktop. Programu nayo unaweza kuitafuta kwenye orodha ya programu ndani ya Start na kuiburuta hadi kwenye eneokazi. Ukurasa wa wavuti unaoutembelea mara kwa mara unaweza kupewa ikoni pia: punguza dirisha la kivinjari ili eneokazi lionekane, kisha buruta alama iliyo kushoto kwa anwani hadi kwenye eneokazi.

Kupanga zinavyokaa

Bofya kulia mahali patupu, fungua View. Hapo juu kuna ukubwa wa aina tatu, lakini ukishika Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya utapata ukubwa wowote unaokufaa katikati. Gurudumu hilohilo ndilo chanzo cha ikoni "kuvimba" zenyewe: kidole kilikuwa kwenye Ctrl bila kukusudia. Zungusha kinyume, zitarudi.

Chini yake kuna Auto arrange icons na Align icons to grid, na hizi mbili hazifanani. Ya kwanza inazisukuma ikoni zote zifuatane kutoka juu kushoto bila kuacha pengo. Kila ukiburuta moja upande wa kulia, inarudi kwenye foleni. Ya pili inazinyoosha tu kwenye mistari, na inakuacha uziweke upande unaoutaka. Zima ya kwanza, acha ya pili. Kisha weka vifaa vya kila siku safu ya kushoto, na kazi zinazoendelea upande wa kulia, mbali kidogo. Katikati pabaki patupu.

Lakini usiutegemee sana mpangilio wa mahali. Ukiunganisha projekta au skrini ya pili, au ukibadilisha uwiano wa skrini, Windows inaweza kuzichanganya ikoni zote upya. Kinachodumu ni jina. Teua ikoni, bonyeza F2, andika jina, bonyeza Enter. Windows haikubali alama hizi ndani ya jina: \ / : * ? " < > |. Ukitaka kuandika tarehe, anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2025-03-14. Ukipanga kwa jina, mafaili yatafuatana kwa tarehe yenyewe. Na majina kama "mpya", "mpya mwisho", "mpya mwisho kabisa" hayamsaidii yeyote baada ya mwezi mmoja, hata aliyeyaandika.

Windows pamoja na D hufunua eneokazi hata kama kuna madirisha mengi wazi, na ukibonyeza tena madirisha yanarudi. Ukiwa kwenye eneokazi, andika herufi za mwanzo za jina la ikoni na itateuliwa yenyewe.

Ikoni za mfumo na picha za ikoni

Kompyuta mpya mara nyingi huja na Recycle Bin peke yake. Kuleta This PC na nyingine:

1. Bofya kulia mahali patupu, chagua Personalize.
2. Ingia Themes, kisha Desktop icon settings.
3. Weka tiki kwenye unazozitaka, bofya Apply.

Katika kisanduku hichohicho kuna mstari unaoruhusu mandhari kubadilisha ikoni. Ondoa tiki yake kama hupendi kuona ikoni zikibadilika kila unapobadilisha mandhari. Kitufe cha Restore Default kinarudisha picha ya awali ya ikoni uliyoiteua.

Picha ya njia ya mkato hubadilishwa kwenye Properties, kichupo cha Shortcut, kitufe cha Change Icon. Ya folda iko kwenye kichupo cha Customize. Ukitaka picha yako mwenyewe, iwe faili la aina ya .ico, ambalo linaweza kubeba picha ileile kwa saizi mbalimbali, kutoka pikseli 16 hadi 256 kwa upande, ili mfumo uchague inayofaa. Kubadilisha tu jina la .png liwe .ico hakusaidii, inabidi ligeuzwe kwa programu. Chagua mchoro wenye mistari michache na rangi zinazotofautiana wazi. Susan Kare, aliyechora ikoni za Macintosh iliyotoka Januari 1984, alifanya kazi kwenye miraba 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tu, na michoro yake ilieleweka. Picha ya familia yenye watu wanane ikipunguzwa hadi ukubwa wa ikoni inakuwa doa.

Ikoni za hati zina kanuni tofauti, na kutoijua kumewatia wengi hofu bure. Picha ya hati haitoki ndani ya hati. Inatoka kwenye programu iliyowekwa kuifungua. Kwa hiyo PDF zako zote zikibadilika ghafla na kuvaa alama ya kivinjari, mafaili hayajaharibika. Programu nyingine tu imechukua nafasi ya kuzifungua. Bofya moja kulia, chagua Open with, kisha Choose another app, teua programu uliyoizoea na uiambie iwe ya kila mara. Ikoni zote za aina hiyo zitarudi.

Zikipotea au zikiharibika

*Zote zimetoweka, lakini upau wa chini upo.* Bofya kulia, fungua View, hakikisha Show desktop icons ina tiki. Ukiikuta haina, iwekee, na tatizo limeisha.

*Zimetoweka pamoja na upau wa chini.* Programu ya Explorer, inayochora eneokazi lote, imesimama. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua Task Manager, tafuta Run new task, andika explorer.exe, bonyeza Enter.

*Kuna eneokazi jipya kabisa, kama kompyuta ya mtu mwingine.* Huenda Windows imeshindwa kufungua akaunti yako na imekuingiza kwenye akaunti ya muda. Usihifadhi chochote hapo, kwa sababu kitafutwa ukitoka. Toka, zima na uwashe upya. Ikijirudia, mafaili yako kwa kawaida bado yapo chini ya C:\Users kwenye folda yenye jina lako. Yanakili kabla hujajaribu matengenezo yoyote.

*Ikoni zimekuwa karatasi nyeupe.* Windows huhifadhi picha za ikoni pembeni ili izionyeshe haraka, na hifadhi hiyo ikiharibika ikoni hupoteza sura. Bonyeza Windows pamoja na R, andika ie4uinit.exe -show, bonyeza Enter, kisha washa kompyuta upya. Kama ni ikoni moja tu iliyokuwa nyeupe, inaelekea programu yake imeondolewa au imehamishwa, angalia Target.

*Kuna alama ndogo juu ya ikoni.* Hizo ni za OneDrive. Wingu la buluu maana yake faili liko mtandaoni tu, na bila intaneti halitafunguka. Tiki ya kijani ndani ya duara lisilojazwa maana yake lipo pia kwenye kompyuta yako. Duara lililojaa kijani lenye tiki nyeupe maana yake umeagiza libaki kwenye kompyuta daima. Kabla ya kusafiri kwenda mahali pasipo na mtandao, bofya kulia folda unayoihitaji na uchague Always keep on this device.

Ikoni inayodanganya

Sura ya ikoni inaweza kuwekwa na yeyote, na wanaosambaza virusi wanalijua hilo. Faili linaloitwa ankara.pdf.exe linaweza kuvaa ikoni ya PDF, na kwa sababu Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho, wewe utaona "ankara.pdf" tu. Ziwashe herufi hizo leo: kwenye File Explorer ya Windows 11 fungua View, kisha Show, kisha File name extensions, kwenye Windows 10 iko moja kwa moja ndani ya View. Hati inayoishia na .exe si hati.

Jambo jingine la kawaida: unachomeka flashi na kukuta folda zako zote zimekuwa njia za mkato. Usibofye hata moja. Kirusi kimezificha folda halisi na kuweka viwakilishi vinavyokiendesha kila unapovifungua. Ikague flashi kwanza kwa programu ya kuzuia virusi. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zilizofichwa zitaonekana, nawe utafuta njia za mkato.

Na hata kutobofya hakukutosha wakati mmoja. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilitumia kasoro kwenye namna Windows ilivyosoma njia za mkato: kufungua tu folda na ikoni kuchorwa kwenye skrini kulitosha kukiendesha. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 2 Agosti 2010. Masasisho ya Windows ambayo watu huyaahirisha wiki baada ya wiki hubeba marekebisho ya namna hiyo.

Mac na Linux

Kwenye Mac, eneokazi nalo ni folda, ndani ya folda yako ya nyumbani. Njia ya mkato inaitwa alias na ina kishale vilevile. Pipa la taka liko kwenye Dock, ule upau wa ikoni za programu. Kwa ukubwa wa ikoni na nafasi kati yake, bofya eneokazi kisha bonyeza Command na J. Tangu macOS Mojave ya 2018 kuna Use Stacks, kwenye menyu ya View: inayakusanya mafaili ya aina moja kuwa rundo moja, na ukibofya rundo linatandazwa. Inapendeza machoni, ila fahamu kwamba haikuhamisha kitu chochote. Ukiizima, vurugu ni ileile. Kama diski au flashi haionekani kwenye eneokazi, fungua mipangilio ya Finder (programu ya Mac ya kutazama mafaili), sehemu ya General, na uweke tiki.

Kwenye Linux inategemea mazingira unayotumia, yaani programu inayochora eneokazi, kama GNOME. GNOME iliondoa ikoni za eneokazi kwenye toleo la 3.28 mwaka 2018, kwa hiyo ukikuta eneokazi tupu hujakosea. Kwenye Ubuntu zinaletwa na kiendelezi kilichowekwa tayari. KDE Plasma, Cinnamon na Xfce zinazo. Ikoni za programu ni mafaili ya maandishi yanayoishia na .desktop, na ukiliweka moja kwenye eneokazi la Ubuntu huenda ukalazimika kulibofya kulia na kuchagua Allow Launching kabla halijafanya kazi.

Kabla kompyuta haijafomatiwa

Kufomati ni kuifuta diski yote ili mfumo uwekwe upya. Hapa ndipo mafaili mengi ya eneokazi hupotelea, kwa sababu mwenye kompyuta anamwambia fundi "Documents nimeshanakili" na kulisahau eneokazi lililokuwa mbele ya macho yake siku zote.

1. Fungua C:\Users na uhesabu folda za watumiaji. Kila mmoja ana eneokazi lake.
2. Kwa kila mtumiaji angalia Desktop na pia OneDrive\Desktop, kama ipo. Angalia na Public\Desktop.
3. Kwenye View washa Hidden items ili vilivyofichwa vionekane.
4. Kama kuna mafaili yenye wingu la buluu, yapakue kwanza, au hakikisha unaikumbuka nywila ya akaunti hiyo ya OneDrive.
5. Nakili folda nzima ya Desktop kwenye diski ya nje. Njia za mkato usizihesabu kuwa nakala. Ukizibeba peke yake umebeba anwani tupu.
6. Bofya kulia folda ya awali, fungua Properties, usome ukubwa na idadi ya mafaili. Fanya hivyo kwa nakala. Zikilingana, fungua hati mbili tatu na picha kadhaa kutoka kwenye diski ya nje kuhakikisha zinafunguka, kisha ichomoe diski hiyo kabla kazi ya kufomati haijaanza.